Kutoka Matete hadi Chaki: Mwongozo Kamili wa Matembezi Mepesi Mashambani mwa Cambridge

Shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, nikamtoa nje ya mji tukatembee. Tulipofika kwenye geti la mbao akasimama, akakataa kulisukuma. Mbele yetu ngano ilikuwa imeanza kuiva, na katikati ya ngano kulipita njia nyembamba ya mguu mmoja. "Shemeji, hili si shamba la mtu?" Nikamwambia ni shamba la mtu, na sisi tuna haki ya kupita. Nikamwonyesha kibao kidogo cha mviringo kwenye nguzo, chenye mshale wa njano. Kwa sheria ya hapa mshale ule maana yake ni kwamba njia ni ya umma. Mwenye shamba analima kushoto na kulia, lakini njia yenyewe hana ruhusa ya kuifunga.

Mwongozo huu nawaandikia wale ambao bado wamesimama kwenye geti. Wapo ndugu zetu wengi walioishi London, Reading au Leicester miaka kumi na tano, wanaijua kila njia ya kwenda kazini, lakini hawajawahi kukanyaga udongo wa Uingereza nje ya bustani ya mji. Wanadhani mashamba yale ni ya wenyewe. Njia ni yako kama ilivyo ya yule mzee mwenye fimbo na mbwa, na kuipita hulipi hata senti.

Nimechagua mkoa wa Cambridgeshire kwa sababu ndio ninaoupenda, na kwa sababu ni mwepesi kuliko sehemu nyingi. Mtoto wa miaka sita ataumudu, na mama mkwe mwenye magoti mabovu vilevile. Tena una ardhi mbili zisizofanana hata kidogo, zinazopakana karibu sana hivi kwamba unaweza kuanza asubuhi kwenye moja na kula chakula cha mchana kwenye nyingine.

Zijue kwanza ardhi zenyewe

Kaskazini mwa mji wa Cambridge kuna Fens. Zamani hii ilikuwa ardhi oevu kubwa, matete na maji hadi upeo wa macho, na watu waliishi kwa kuvua mikunga na kuwinda bata. Katika karne ya 17 mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, alisimamia uchimbaji wa mifereji mikubwa ili maji yakimbilie baharini na ardhi ilimwe. Udongo wa huko ni mweusi tii. Umetokana na majani yaliyooza majini kwa maelfu ya miaka, na ukishakauka hunywea, ukapeperushwa na upepo. Huko Holme Fen, upande wa Peterborough, kuna nguzo ya chuma iliyozikwa mwaka 1851 hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imechomoza kama mita 4. Haikupanda, ni ardhi iliyoshuka. Ndiyo maana ukitembea Fens utaona jambo linaloshangaza macho: mto uko juu, na shamba liko chini yake.

Kusini na mashariki mwa mji ardhi inainuka taratibu na kuwa vilima vya chaki. Huu ni mwamba mweupe, laini, ambao ukiukwaruza kwa kucha unaacha unga. Ulijengeka chini ya bahari, zama za dinosaria, kutokana na maganda ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Ndani yake mna vipande vya gumegume, jiwe lilelile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani. Mtu wa Lushoto hataviita vilima, kwani vya Gog Magog, karibu na Cambridge, havifiki mita 80. Lakini nchi iliyobaki ni bapa kama sinia, na mita hizo chache zinakufungulia mbingu yote.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kabla ya kuchagua njia

Watu wengi wanakosea hapa. Wanaona picha nzuri ya matete, wanakwenda mwezi Februari na raba nyeupe, wanarudi wakiapa kutorudia tena.

Kanuni yangu ni hii. Kuanzia Novemba hadi Machi nenda kwenye chaki. Chaki inanyonya maji, hivyo siku mbili tu baada ya mvua njia za mlimani zinapitika wakati za Fens bado ni ugali mweusi unaong'ang'ania viatu. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni nenda kwenye ardhi oevu. Huo ndio wakati wa ndege, na jambo moja hapa linatuhusu sisi. Sauti ya "kuku, kuku" utakayoisikia juu ya matete ni ya kekeo dume. Tangu mwaka 2011 wataalamu wa ndege wa Uingereza wamewafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti, wakaona kwamba wakishamaliza kutaga wanavuka Sahara na kwenda kukaa kwenye misitu ya bonde la Kongo. Wengine huondoka mapema, Juni tu. Kwa hiyo ndege ambaye Waingereza humsubiri kama mwanzo wa majira yao ya kuchipua, sehemu kubwa ya mwaka anaishi kwetu. Mbayuwayu nao huja kutoka kusini mwa Afrika. Nilipolijua hilo, Fens zilikoma kuwa ugenini kwangu.

Julai na Agosti rudi kwenye chaki kutazama maua na vipepeo vya buluu. Septemba ni nzuri popote.

Kuhusu mvua, usiogope sana. Mashariki mwa Uingereza ndiko kukavu kuliko sehemu nyingine za nchi, na Cambridge kwa mwaka hupata mvua isiyozidi sana ile ya Dodoma. Tofauti ni kwamba ya Dodoma inakuja kwa kishindo na kuondoka, wakati ya hapa inagawanywa kidogo kidogo mwaka mzima. Kinachokutesa zaidi ni upepo. Kwenye Fens hakuna mlima wa kuuzuia, na juu ya tuta la chaki hakuna mti.

Hatua ya pili: viatu, nguo na mfuko

Huna haja ya kununua mabuti ya bei mbaya. Kwa chaki kavu raba zenye meno ya kutosha zinafaa. Jihadhari na chaki iliyolowa, kwani inateleza kama sabuni, hasa kwenye mteremko. Hapo kanyaga pembeni kwenye nyasi, si katikati kwenye weupe. Kwa Fens wakati wa baridi vaa gambuti, na soksi nene mbili, kwa sababu mpira haukupi joto.

Vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito. Ukianza utasikia baridi, baada ya nusu saa utatoka jasho, na ukisimama kutazama ndege utaganda. Koti la mvua libebe hata kama jua linawaka. Suruali iwe ndefu, hata Julai. Kando ya njia huota mmea wenye manyoya yanayochoma ngozi, mwasho wake ni ndugu wa upupu. Haudhuru, lakini mtoto aliyevaa kaptura atalia.

Kwenye mfuko weka maji, chupa ya chai ya moto, kitu cha kula, plasta, na mfuko wa plastiki wa kurudishia taka zako. Sisi hubeba chapati zilizoviringishwa na mayai ndani. Mandazi pia hayaharibiki. Kwa anayeswali, kitanga chepesi hakichukui nafasi, na kibla kutoka huku ni kusini-mashariki. Adhuhuri juu ya kilima cha chaki, upepo ukivuma na hakuna gari linalosikika, ni swala ambayo hutaisahau.

Hatua ya tatu: ramani na mishale

Ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za aina ya Explorer, zenye jalada la rangi ya chungwa na kipimo cha 1:25,000, ndizo zinazoonyesha njia zote za umma kwa vistari vya kijani. Kwa matembezi ya mwongozo huu unahitaji namba 226 (Ely na Newmarket) na namba 209 (Cambridge na kusini yake). Maktaba nyingi zina ramani hizi. Simu ni msaada mzuri, lakini baridi inamaliza betri haraka, kwa hiyo pakua ramani kabla hujatoka nyumbani na usiitegemee peke yake.

Njiani utafuata mishale. Ya njano ni ya waenda kwa miguu tu. Ya buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli, hivyo usishtuke farasi akikufuata nyuma. Simama pembeni, ongea kwa sauti ya kawaida ili farasi ajue kwamba wewe ni mtu, na umwache apite. Ya zambarau na nyekundu ni njia pana zaidi, na kwenye nyekundu hata magari yanaweza kupita.

Mshale ukionyesha katikati ya shamba lililopandwa, pita katikati. Usizunguke ukingoni kwa adabu, kwani haki yako iko kwenye mstari, haiko ukingoni. Wageni wengi wanazunguka kwa woga na kupotea. Geti uliloliona limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi.

Tembezi la kwanza: Wicken Fen

Anza hapa. Kama siku moja tu ndiyo uliyonayo, iwe hii.

Wicken Fen iko kusini mwa mji wa Ely, na ni kipande cha Fens ambacho hakikukaushwa. Shirika la hifadhi la National Trust lilinunua ekari 2 za kwanza mwaka 1899 kwa pauni 10, na tangu hapo hifadhi imekuwa ikipanuka. Zaidi ya aina 9,000 za mimea, wadudu, ndege na wanyama zimeorodheshwa ndani yake. Charles Darwin, alipokuwa mwanafunzi Cambridge, alipata mende wa mkusanyiko wake kutoka Fens hizi.

Kuna kiingilio kwa wasio wanachama, na maegesho ya gari. Usafiri wa umma ni dhaifu, nisikufiche. Bila gari, njia rahisi ni treni hadi Ely kisha teksi, au treni hadi Waterbeach ukiwa na baiskeli. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo familia zinajaa na ndege wananyamaza.

Kutoka ofisi ya wageni fuata kwanza njia iliyoinuliwa juu ya kinamasi kama daraja refu. Ni mzunguko wa kilomita 1 na kidogo, bapa kabisa, na kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto kinapita. Tembea polepole kuliko unavyodhani inafaa. Utapita karibu na pampu ya upepo ya mbao, ya mwisho ya aina yake iliyobaki Fens. Zamani ilivuta maji nje ya ardhi ili watu walime. Mwaka 1956 ilihamishiwa hapa, ikapewa kazi ya kinyume, yaani kuingiza maji ili kinamasi kisikauke. Ardhi ya jirani imelimwa na kunywea, kwa hiyo Wicken sasa imeinuka kuliko mashamba yaliyoizunguka na ingekauka yenyewe. Simama mahali mwanya wa matete unaporuhusu, utazame chini kwenye mashamba, utaliona jambo hili kwa macho yako.

Ukiwa bado na nguvu, endelea na mzunguko mrefu wa nyasi. Viko vibanda vya mbao vya kutazamia ndege. Ingia, kaa, fungua kidirisha bila kelele, nyamaza dakika kumi kamili. Kwanza hutaona kitu. Halafu ndege mkubwa wa jamii ya mwewe atapita chinichini juu ya matete, mabawa ameyainua kama herufi V, akitafuta panya. Ukiwa na bahati ya kipekee utasikia mngurumo mzito kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu: huyo ni ndege wa jamii ya yangeyange, kahawia kama matete makavu, na watu hukaa miaka bila kumwona.

Ng'ambo ya mfereji wanalishwa farasi wadogo wa kijivu wa aina ya Konik, asili yao Poland, pamoja na ng'ombe wenye manyoya marefu kutoka Scotland. Kazi yao ni kula vichaka ili kinamasi kisigeuke msitu. Usiwape chakula wala usiwasogelee.

Onyo moja la kweli kuhusu Fens: mifereji ni ya kina kirefu na kingo zake ni wima. Mtoto akitumbukia hana pa kushika. Mshike mkono kila mahali maji yalipo karibu na njia, na wakati wa baridi usimruhusu akanyage barafu hata ionekane nene.

Tembezi la pili: Reach na tuta la Devil's Dyke

Hapa ndipo ardhi mbili zinapokutana, na mimi ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Reach ni kijiji kidogo kilichozunguka uwanja wa majani. Zamani mashua zilifika hapa kupitia mfereji unaodhaniwa ulichimbwa na Warumi, na mfalme John alitoa hati ya gulio la hapa mwaka 1201. Gulio hilo bado linafanyika kila mwaka, mwezi Mei. Kutoka uwanjani, upande wa kusini, linaanza tuta kubwa la udongo, na handaki kando yake. Lilijengwa na Waanglosaksoni kwa majembe ya mkono. Limenyooka kama kilomita 12 hadi karibu na Woodditton, kutoka kinamasi upande mmoja hadi kwenye misitu upande wa pili, hivyo aliyelijenga alifunga njia yote kavu iliyokuwepo.

Panda juu, njia iko mgongoni mwa tuta. Kwa mara ya kwanza usilimalize. Nenda hadi linapokatwa na barabara ya B1102 kati ya Burwell na Swaffham Prior, kama kilomita 2, kisha rudi. Katika kilomita hizo chache utaona udongo chini ya viatu ukibadilika kutoka mweusi kuwa wa kijivu, halafu mweupe. Nyuma yako Fens zimelala bapa. Mbele ardhi inapanda. Aprili tafuta ua la zambarau lenye manyoya, karibu na ardhi. Baadaye, kwenye majira ya joto, sehemu ya tuta inayoelekea Newmarket hutoa okidi ndefu ambayo petali yake inaning'inia kama mkia wa mjusi. Usichume hata moja, ni adimu sana.

Mwenye miguu imara aendelee hadi nyika ya Newmarket, ambako tuta linapita kati ya viwanja viwili vya mbio za farasi. Siku za mashindano fuata maelekezo ya vibao. Utarudi Cambridge kwa treni.

Na ukitaka kuunganisha yote mawili, kutoka Wicken hadi Reach ni kama kilomita 6 kwa kufuata njia iliyotiwa alama iitwayo Lodes Way. Ongeza 2 za tuta, ushuke Swaffham Prior, kijiji utakachokijua kwa makanisa mawili yaliyo kwenye uwanja mmoja wa makaburi. Angalia ratiba ya basi la kurudi siku moja kabla, na Jumapili usilitegemee. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo tembezi hili refu liweke kwa kiangazi.

Tembezi la tatu: Wandlebury

Hili ni la siku ambazo muda ni mfupi. Mabasi ya Cambridge kwenda Haverhill yanapita jirani, na kwa gari ni dakika chache kusini-mashariki mwa mji. Zunguka handaki la mviringo la ngome ya Enzi ya Chuma chini ya miti mikubwa, kisha tembea malishoni. Siku ya hewa safi, kuna mahali utaona kanisa kuu la Ely likielea juu ya upeo kaskazini, zaidi ya kilomita 25. Kwenye banda la zamani amezikwa Godolphin Arabian, farasi aliyekufa mwaka 1753, mmoja wa madume watatu waliozaa ukoo wa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred. Malisho ya Magog Down yako upande wa pili wa barabara kubwa. Usiivuke na watoto. Endesha hadi maegesho ya upande ule.

Mbwa, ng'ombe na kupe

Wengi wetu tunaogopa mbwa, na hapa mbwa wengi hawafungwi kamba. Usikimbie wala usipige kelele. Simama, kunja mikono kifuani, mtazame mwenye mbwa na umwambie waziwazi kwamba unaogopa. Atamwita. Si aibu kusema.

Ng'ombe wenye ndama wapishe mbali, hata kama itakubidi uache njia kwa muda. Usipite kati ya mama na mtoto.

Kupe wapo kwenye nyasi ndefu kuanzia masika, na wengine wana vijidudu vya ugonjwa wa Lyme. Jioni kagua nyuma ya magoti, kiunoni, makwapani, na kichwani kwa watoto. Ukimkuta, mkamate kwa kibanio chenye ncha karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara katika wiki zinazofuata, piga 111 au nenda kwa daktari na umtajie kwamba ulikuwa mashambani. Dawa ipo, na inafanya kazi vizuri ikianza mapema. Kwa dharura njiani ni 999, na hapo ndipo ramani inapokusaidia kusema uko wapi.

Viatu vya Fens usivilaze vichafu. Tope la Fens lioshe likiwa bado bichi, kwani likikauka linashika kama lami. La chaki liache likauke usiku kucha, asubuhi gonganisha nyayo nje ya mlango, litadondoka lenyewe.